Masaji ya kina haihitaji mabavu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nizungumzie masaji ya kina, ile ambayo wateja huiomba kwa kusema, "Leo nichue kwa nguvu." Ndiyo kazi inayonilisha hapa Moshi. Nawahudumia wapagazi na waongoza wageni wanaoshuka Mlima Kilimanjaro, wageni wenyewe kabla hawajaenda kupanda ndege KIA, wakimbiaji msimu wa marathoni ukifika, na kina mama wa Rau na Majengo ambao viuno vimewakaza kwa kuinama na kubeba.

Kazi hii inakua haraka kuliko ujuzi wake. Vibao vya masaji vinaongezeka mitaani, vijana wanafundishwa kwa siku chache, wanapewa cheti na kuingia kazini wakiamini kwamba mteja akipiga kelele ndiyo amehudumiwa. Wateja nao wanaamini hivyo hivyo. Mtu anatoka chumbani na alama za kuvilia damu mgongoni, anazionyesha kwa rafiki zake kwa fahari. Nasema kwa uchungu kwamba watu wanaumizwa, na wanalipa ili waumizwe.

Misuli ya mwanadamu imepangwa kwa tabaka. Chini ya ngozi kuna mafuta, kisha utando unaofunika misuli, kisha misuli ya juu, na chini yake ile iliyolala karibu na mifupa. Ukiingia kwa kishindo, misuli ya juu inajikaza kujilinda, na wewe unabaki kupigana na tabaka la kwanza huku shida yenyewe ikiwa chini haijaguswa. Waongoza wageni wa mlima wetu humwambia mgeni tangu getini, "Pole pole," kwa kuwa wanajua anayekimbia siku ya kwanza hafiki kilele cha Uhuru. Mkono unaotaka kufika ndani unahitaji mwendo huohuo.

Nieleze ninavyofanya kwa mpagazi, maana mabega yao nayajua vizuri. Kwa utaratibu wa hifadhi mzigo wake hautakiwi kuzidi kilo 20, na mizani ipo getini. Lakini hata kilo 20 zikikaa kichwani na mabegani kutoka Geti la Machame hadi kambi ya Barafu, shingo inazihesabu zote. Akifika kwangu anaonyesha palepale wanapoonyesha wenzake: pembe ya juu ya kombe la bega, upande wa ndani, pale unapojishikiza msuli unaopandisha bega kabla haujaelekea shingoni. "Dada, weka kiwiko hapo, kandamiza mpaka ivunjike."

Siweki kiwiko. Namlaza kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, shuka imemfunika hadi kiunoni. Naanza na viganja vitupu bila mafuta, nasikiliza joto la ngozi na namna anavyopumua. Kisha mafuta kidogo sana, ya parachichi au ya nazi, kiasi cha kijiko cha chai kwa mgongo mzima. Mafuta yakizidi mkono unateleza juu juu, na mchuaji anayeteleza hujikuta anaongeza nguvu. Dakika 5 hadi 10 za mwanzo ni za kupasha misuli joto kwa mapitio marefu, mepesi. Baada ya hapo naegemeza kigasha, ile sehemu yenye nyama chini ya kiwiko, pembeni mwa uti wa mgongo na kamwe si juu yake, nauacha uzito wa mwili wangu ushuke wenyewe. Nasubiri. Akitoa pumzi, msuli unaachia kidogo na mkono unazama kidogo. Akivuta pumzi nabaki nilipo. Nikifika kwenye fundo nashikilia kwa vidole vilivyopangwa pamoja, sekunde 30, pengine 60 au 90, huku namuuliza: kutoka sifuri mpaka 10, hapa maumivu ni ngapi? Nataka 5 au 6. Akisema 7 nasubiri ishuke. Akisema 8 natoa mkono.

Wapagazi wengi hawasemi 8 hata ikiwa ni 9. Wamezoea kuvumilia baridi na mzigo, wataacha kuvumilia mkono wangu? Wageni nao wanaona haya, wanadhani kulalamika ni kunikosea adabu. Kwa hiyo nausoma mwili. Vidole vya miguu vikijikunja, ngumi zikifungwa, makalio yakikaza, pumzi ikizuiwa, basi nimepita kiasi, hata kama mdomo unasema "endelea". Hili lifundishwe siku ya kwanza katika kila darasa la masaji, kabla ya kufundishwa mkono unapitaje mgongoni.

Tena panapouma mara nyingi sipo panapoanzia. Daktari Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchora namna fundo la msuli mmoja linavyopeleka maumivu mahali pengine. Fundo lililo juu ya bega, kwa mfano, linaweza kuleta maumivu yanayopanda shingoni mpaka kwenye panja, na mtu akameza vidonge vya kichwa wiki nzima. Anayekimbilia kukandamiza palipoonyeshwa kwa kidole atamuumiza mteja bure.

Na mchuaji aujali mwili wake mwenyewe. Kitanda kiwe na urefu ambao ukisimama wima na mikono ikining'inia, vifundo vya vidole vinagusa godoro. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, mgongo umenyooka, nguvu itoke kwenye kuegemea. Kidole gumba hakiwezi kubeba uzito wa mtu mzima kutwa nzima. Nawajua wenzangu wenye mikono mizuri kuliko yangu walioacha kazi kwa sababu vidole gumba viligoma hata kushika kikombe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kabla ya mafuta kuna maswali, na hapa mjini sehemu nyingi hazina hata swali moja. Mteja anaulizwa atalipa kwa simu au taslimu, basi.

Mimi nauliza: umefanyiwa upasuaji karibuni? Umevunjika? Una presha au sukari? Una mimba? Kuna mahali pana ganzi? Unatumia dawa gani? Swali la dawa ndilo watu wanalolipuuza zaidi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, anavilia damu kwa mkandamizo ambao mwingine asingeuhisi, na hata aspirini ya kila siku inaongeza hatari hiyo. Aliyemeza vidonge vya maumivu asubuhi hawezi kuniambia kwa uhakika maumivu ni ngapi, kwa hiyo jibu lake la 5 silitegemei. Wapanda mlima wengi wanatumia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, nayo huleta hali ya kuchomachoma kwenye vidole vya mikono na miguu. Asiyejua hilo atadhani mshipa wa fahamu umebanwa, na ataanza kuutafuta kwa kiwiko. Mwenye sukari ya muda mrefu anaweza kuwa amepoteza hisia nyayoni, kwa hiyo hawezi kukuambia unamuumiza. Mzee ambaye mifupa yake imepungua uimara, mbavu zake hazitaki kigasha cha mtu yeyote.

Kuna mgeni mmoja, mama wa makamo, aliletwa kwangu baada ya kushuka mlimani. Alisema kigimbi cha kushoto kimekaza na anataka kichuliwe kwa nguvu kabla ya safari ya ndege. Nilivigusa vigimbi vyote viwili kwa mgongo wa kiganja. Cha kushoto kilikuwa na joto. Droo yangu ina futi ya fundi cherehani. Nikapima miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya ule uvimbe wa mfupa ulio chini ya goti. Tofauti ilizidi sentimita 3. Sikumgusa tena. Nilimwambia mwongozaji wake wampeleke hospitali palepale, akanuna, akasema ni uchovu wa mlima tu, mgeni amelipia masaji. Walikwenda. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha damu imeganda ndani ya mshipa.

Naomba kila msomaji alielewe hili. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu baada ya safari ndefu ya ndege au basi, baada ya upasuaji, baada ya kulazwa muda mrefu au kufungwa plasta ngumu, na wakati wa ujauzito na wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Mlimani kuna kupungukiwa maji na kukaa hemani kwenye baridi. Donge hilo likisukumwa na mkono wa mchuaji linaweza kung'oka, likapanda hadi kwenye mapafu, na mtu akafa. Dalili ni mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake, joto, na maumivu ya kigimbi hasa ukikibonyeza au ukitembea. Vitabu vinataja wekundu wa ngozi, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo mkono uliotulia una kazi kubwa kuliko macho. Futi si kipimo cha daktari. Hata tofauti ikiwa ndogo, ukiwa na shaka usichue. Na mtu aliyeshuka mlimani halafu pumzi yake inazidi kuwa fupi badala ya kurudi, au kifua kinamchoma, au anakohoa damu, hana cha kufanya kwenye kitanda cha masaji. Ni hospitali, saa hiyohiyo.

Jambo la pili linahusu saa ya kuchua. Kutoka kilele cha mita 5,895 hadi Geti la Mweka, lililo takriban mita 1,640, mgeni anateremka zaidi ya mita 4,000 ndani ya siku mbili. Katika kuteremka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi huku inanyooshwa, inazuia mwili usianguke kwa kila hatua. Kazi ya namna hiyo inachanachana nyuzi ndogo za misuli. Maumivu yake hayaji yote siku ya kwanza, yanafika kileleni kati ya siku ya pili na ya tatu. Kwa hiyo mtu aliyeshuka leo mchana na kuwekewa nafasi ya masaji ya kina leo jioni, anakwenda kukandamizwa mahali ambapo tayari pameumia. Siku hiyo mwili unataka maji, chakula, usingizi, miguu iliyoinuliwa, na mkono mwepesi kama anaupenda. Wakimbiaji wa marathoni ni vivyo hivyo. Kwenye mahema ya pale uwanjani nawaona vijana wakimpigia mkimbiaji paja kwa ngumi dakika chache baada ya kumaliza kilomita 42, wakimwambia wanamtoa asidi iliyojikusanya kwenye misuli. Asidi inayosemwa huondoka yenyewe mtu akipumzika, kwa muda wa kama saa moja, achuliwe asichuliwe. Na zile "sumu" ambazo mteja anaambiwa masaji imezitoa na anywe maji azisafishe, sijapata kuona mtu anayeweza kuzitaja jina. Maji anywe kwa sababu ana kiu.

Kwa mchezaji aliyepigwa paja au goti la mwenzake kwenye msuli, hali ni ya hatari zaidi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alipigwa pajani katika mechi, paja likavimba. Jioni ileile walimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha wakaviringisha chupa ya soda juu yake kwa nguvu zao zote, na kesho yake, na keshokutwa. Wiki zilipopita paja likabaki gumu, goti halikunji vizuri. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeanza kuota ndani ya msuli. Hilo hutokea damu iliyovujia ndani ya msuli inapochokozwa kabla haijatulia. Siku 2 au 3 za mwanzo ni za kupumzisha, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji na kuinua mguu. Maji ya moto na kuchua vikae mbali, na uvimbe mkubwa uonwe na wataalamu. Hapa Moshi tuna hospitali ya KCMC yenye idara ya fiziotherapia na chuo chake. Hatuna sababu ya kubahatisha.

Naomba pia niwaseme ndugu zangu vinyozi, kwa heshima. Kunyoa mnajua, na kumsugua mteja mabega mwisho wa kunyoa ni ukarimu mzuri. Lakini ile kumshika kidevu na kisogo, kumzungusha shingo ghafla mpaka ilie, acheni. Ndani ya mifupa ya shingo, kushoto na kulia, inapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Mshipa huo ukichanika kwa ndani, damu inaganda hapo na kijana mwenye afya anaweza kupata kiharusi. Kwa wachuaji wenzangu, mbele ya shingo hapachuliwi kwa kina. Wala kwapani, wala kwenye kinena, wala nyuma ya goti, wala tumboni panapodunda, wala juu ya mishipa iliyovimba na kujisokota miguuni. Kiunoni juu, chini ya mbavu za mwisho, figo zipo karibu. Pale mkono upite kwa hadhari.

Wapo watakaosema naiharibu biashara. Ninaipenda kazi hii na naiamini. Nimeona mama aliyeshindwa kugeuza shingo akageuka na kucheka, nimeona mpagazi akilala usingizi mzito kitandani kwangu wakati siku nne hakulala vizuri. Kwa mgongo na shingo za siku nyingi masaji inapunguza maumivu. Lakini nafuu hiyo ni ya muda, siku kadhaa au wiki kadhaa, na mteja aambiwe hivyo. Mama anayeinama kwenye beseni kutwa atarudi na kiuno kilekile kama beseni halijawekwa juu ya stuli. Mimi humwonyesha namna ya kunyoosha nyonga akiwa nyumbani na kumsihi atembee, hata kama maana yake atakuja kwangu mara chache zaidi.

Baada ya masaji ya kina, kuhisi mwili kama mtu aliyelima siku moja au mbili ni kawaida. Kuvilia damu sehemu kubwa, ganzi isiyoisha, mkono au mguu kulegea, au mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi, si kawaida. Mkojo wa namna hiyo unaweza kumaanisha misuli imepondeka na mabaki yake yanaziba figo. Aende hospitali, na aseme wazi kwamba alichuliwa.

Kuhusu staha nitasema machache, ingawa inaniuma kuliko yote. Mteja afunikwe, ifunuliwe sehemu inayochuliwa tu. Aulizwe kabla ya kuguswa, na akisema hapana, hapana yake itoshe. Mashuka yawe safi kwa kila mtu, kucha ziwe fupi. Mchuaji naye ana haki ya kukatisha huduma mteja anapomvunjia heshima, na mwenye sehemu amtetee mfanyakazi wake hata kama mteja huyo analipa vizuri.

Kwa wenye kampuni za kupandisha wageni na wenye hoteli, ombi langu ni jepesi. Msiweke masaji ya kina kwenye ratiba ya siku ya kushuka. Wekeni nusu saa ya mkono mwepesi jioni hiyo, na kama mgeni anabaki, ya kina ianze siku ya tatu au ya nne. Mkituletea mtu, mleteni na orodha ya dawa anazotumia. Mchuaji akisema huyu simgusi, apelekwe hospitali, msimkate malipo yake. Na wapagazi, ambao wengi wao wanakuja kwa pesa yao ya mfukoni wakati mgeni amelipiwa, wapewe nafasi na wao, kwa kuwa ndio wanaorudi mlimani baada ya siku mbili na mzigo uleule.

Kwako Mhariri, msimu mkubwa wa kupanda unaanza Juni. Ukurasa wako wa afya ukichapa zile dalili za kigimbi kabla ya hapo, kwa maandishi makubwa, nitaukata na kuubandika mlangoni kwangu, na nitawapelekea nakala wenzangu wa Majengo na Kiboriloni.

Mchuaji wa misuli,
Rau, Moshi